Nani Alipe Mnara wa Kijijini?

Rais aliyesimamia uuzaji wa sehemu ya kampuni ya simu ya taifa alikuwa mtoto wa kijijini. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mwaka 1938, na huko ndiko alikozikwa Julai 2020. Februari 2001, Serikali yake iliuza asilimia 35 ya hisa za TTCL kwa muungano wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 120. Wanunuzi walitoa milioni 60, kisha nusu iliyobaki ikazua mvutano juu ya mahesabu ya kampuni. Mwaka 2016 Serikali ilizinunua tena hisa zile kwa shilingi bilioni 14.9.

Wanaoupinga ubinafsishaji huishia hapo, na kwa habari ya TTCL nakubaliana nao. Ila simu zilienea miaka hiyohiyo, na lazima tujue zilienezwa na nini. Jibu langu ni leseni. Kwenye simu za mkononi Mobitel ilikuwa imeanza 1994, Tritel ikafuata, ikaja Zantel, Vodacom mwaka 2000, na Celtel mwishoni mwa 2001. Laini za mezani nchi nzima zilikuwa kama 170,000 tu. Kufikia mwisho wa 2005 laini za mkononi zilikaribia milioni 3. TTCL ilipewa ulinzi wa miaka minne dhidi ya washindani katika simu za mezani, na huko ndiko mambo yalikodorora. Kwenye simu za mkononi kampuni ziligombea wateja, bei ikashuka, vocha ikafika hadi kwenye genge la nyanya.

Ushindani huo ulikwenda mbio mijini na kando ya barabara kuu. Ulipofika kwenye vijiji vya Masasi na Newala ulipunguza mwendo, na sababu zake zinahesabika.

Mtambo wa mnara hununuliwa kwa dola, lakini mapato yake huingia kwa shilingi, vocha moja moja. Shilingi ikishuka, deni la mwekezaji linapanda hata kama wateja wake ni walewale. Kwenye ukanda wa korosho lipo pia suala la msimu. Fedha nyingi ya mkulima huja kwa mkupuo baada ya minada inayoanza Oktoba. Wakati huo mawakala wa fedha hawapumziki, bando zinanunuliwa, watoto wanatumiwa ada. Ikifika miezi ya palizi, mfuko umekauka. Mnara haujui msimu: pasipo umeme wa gridi, unataka dizeli au betri za sola kila usiku, na mlinzi anataka mshahara kila mwezi.

Nchi yenyewe nayo ina ukaidi wake. Mawimbi ya simu husafiri zaidi kwa kunyooka. Mnara uliosimamishwa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Newala unaweza kutazama mbali sana kuelekea bonde la Ruvuma, huku kijiji kilicho chini kabisa ya ukingo huohuo kikabaki kivulini. Kwenye ramani kitapakwa rangi ya kijiji chenye mtandao. Mama mjamzito anayehitaji gari saa nane za usiku hasaidiwi na rangi.

Kwa hiyo Sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, na kampuni za mawasiliano huuchangia kutokana na mapato yao. Mfuko hutangaza zabuni za kata zisizovutia biashara, na kampuni inayojenga hupewa ruzuku. Mei 2023 mikataba ya minara 758 ilisainiwa Dodoma kwa ruzuku ya shilingi bilioni 126, wastani wa takribani milioni 166 kwa mnara. Ni utaratibu ninaoutetea bila kusita: mteja wa Kariakoo anamchangia jirani wa Lupaso, na haki iko hapo.

Njia nyingine ni sharti ndani ya leseni. Halotel ilipoanza Oktoba 2015, ilikuwa na makubaliano na Serikali ya kupeleka huduma vijijini, na ikaenda. Mwenye Halotel ni Viettel, kampuni iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam. Tunapobishana juu ya sekta binafsi na dola, tukumbuke kwamba dola nyingine zimekuja kwetu kama wawekezaji.

Udhaifu ninaouona uko kwenye kinachopimwa. Ruzuku ya ujenzi hununua chuma na zege, na uzinduzi unafanyika. Gharama ya kuuwasha mnara mwezi Machi, dizeli ikiwa juu na vocha haziuziki, inabaki kwa mwendeshaji, naye atabana pale anapoweza kubana. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho inauzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, na mkulima anasubiri ujumbe wa malipo kwenye simu yake. Mtandao ukizima siku tatu, si mazungumzo tu yanayosimama.

Mikataba ijayo iweke sehemu ya ruzuku nyuma, ilipwe kwa saa ambazo mnara umekuwa hewani mwaka mzima, na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ibandike takwimu hizo, mnara kwa mnara, kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata.