Mieleka: Kumfunga Mwenzako kwa Miguu

Mnaposhindana mieleka uwanjani, sheria yenu ni fupi: mwenye kuanguka ameshindwa. Anainuka, anapangusa vumbi, na mwingine anaingia mahali pake. Lakini katika shule na vyuo vikuu vya Marekani kuna mieleka ya namna nyingine. Huko mtu akiangushwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Aliye juu hutafuta kumgeuza mwenzake chali; aliye chini hutafuta kutoka. Mashindano makubwa ya vyuo vyao yalianza mwaka 1928, katika mji wa Ames, jimbo la Iowa.

Katika vyuo hivyo, mtu akikazwa mabega yote mawili chini kwa sekunde 1, mchezo umekwisha. Isipokuwa hivyo, mwamuzi huhesabu alama. Mwenye kuponyoka chini hupata alama 1. Mwenye kuponyoka na kumpanda mwenzake hupata alama 2. Tena kuna saa inayopima muda wa kila mmoja kukaa juu. Mwishoni, kama mmoja amemzidi mwenzake kwa dakika 1 au zaidi, huongezwa alama 1.

Sasa tuseme wawili wanashindana, Yosefu na Martini. Yosefu ana nguvu nyingi. Martini ni mwembamba, mwenye miguu mirefu. Yosefu yuko chini, amepiga magoti na kuweka mikono chini. Martini yuko nyuma yake, upande wa kushoto. Je, mwembamba atamzuia mwenye nguvu?

Tazameni anavyofanya. Martini anapitisha mguu wake wa kushoto mbele ya paja la kushoto la Yosefu, katika nafasi iliyo kati ya kiwiko na goti. Mguu unaingia kati ya mapaja, na unyayo unakamata muundi wa Yosefu kama ndoana. Mguu umezinga mguu, kama kamba ya msituni inavyozinga mti. Kisha Martini anasukuma nyonga zake mbele na chini. Uzito wake wote unaangukia kiuno cha Yosefu. Mguu wa Yosefu unanyoshwa nyuma, naye analala kwa tumbo. Mikono yake ina nguvu bado, lakini haina kazi, kwa sababu nguvu ya kuinuka hutoka katika magoti na nyonga. Sasa Martini ananyosha mkono ng'ambo, anakamata mkono wa kuume wa Yosefu, anauvuta, na kuanza kumgeuza chali.

Yosefu afanye nini?

Kwanza, afunge mlango kabla mgeni hajaingia. Kiwiko na goti vikikaa karibu, mguu wa Martini hauna njia ya kupita. Tena asikae kimya. Filimbi ikilia, aanze mara moja kujiendesha.

Pili, kama mguu umekwisha kuingia, asikubali kulala kwa tumbo. Akusanye magoti chini ya nyonga, ainue kichwa, na kubana viwiko vyake mbavuni. Mkono ulionyoshwa mbali ni zawadi kwa Martini.

Tatu, aitoe ile ndoana. Wengi hushindana na mikono ya Martini, na kusahau kwamba kifungo kiko mguuni. Yosefu ashike kifundo cha ule mguu, auondoe katika muundi wake, kisha ageuze nyonga zake upesi hata amkabili Martini uso kwa uso.

Nne, aangalie mahali ulipo uzito. Martini akipanda juu mno, kifua chake kikafika karibu na shingo ya Yosefu, amekosa. Yosefu ashushe bega na kuinua nyonga. Martini atateleza mbele na kuanguka.

Je, haraka hiyo ni ya nini? Hesabuni pamoja nami. Kila mmoja ana alama 4, na dakika ya mwisho imebaki. Mpaka sasa muda wao wa kukaa juu ni sawasawa. Kama Yosefu analala kimya mpaka mwisho, akifikiri kwamba ni heri asigeuzwe tu, Martini atashinda kwa alama 5 kwa 4. Lakini kama Yosefu anaponyoka baada ya sekunde 40, yeye ndiye apataye alama ya tano, na Martini hapati kitu. Tena aliye juu hana ruhusa ya kulala usingizi: asipojaribu kumgeuza mwenzake, mwamuzi humwonya.

Lakini sikilizeni vema. Goti ni kiungo kinachoumia upesi. Ni marufuku kulipinda kinyume cha maumbile yake, na katika mieleka ya shule ni marufuku pia kupishanisha miguu miwili na kukaza kiwiliwili cha mwenzako. Msijaribu mambo haya bila mwalimu. Mwenzako akipiga kelele ya maumivu, mwachilie papo hapo.

Basi Martini hashindi kwa nguvu za mikono, wala Yosefu haponi kwa nguvu za mikono. Yule ajuaye mahali pa kuweka uzito wake, ndiye humshika mwenzake. Na yule asiyengoja kufungwa, ndiye huponyoka.

Maulizo
1. Mguu wa Martini unapita wapi?
2. Kwa nini Yosefu asilale kwa tumbo?
3. Yosefu akiponyoka baada ya sekunde 40, nani anashinda? Eleza sababu.