Neno "Ila" katika Barua za Askari wa Kericho Baada ya Vita vya Pili vya Dunia

Barua za askari wa kawaida hazikupata heshima kubwa kwa wachunguzi wa lugha. Msomaji akutanaye na ukurasa mzima wa salamu, kisha mistari mitatu tu ya habari, huamua kwamba mwandikaji hakuwa na la kusema. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa hukumu hiyo ni ya haraka, hasa kwa barua za Kiswahili za askari wa Kikipsigis na jamaa zao katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. (Yafaa ikumbukwe kwamba Bomet ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho hadi 1992.)

Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuguswa na vita vya kwanza. Baada ya 1919 serikali ya kikoloni ilitenga eka zipatazo 25,000 za Kericho kwa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaingia na kupanda chai. Vilipokuja vita vya pili, Wakenya karibu 98,000 walitumikia jeshi la Uingereza. Askari wa Keya, jina lililotokana na herufi K.A.R., walipigana Habeshi mwaka 1941, Madagaska 1942 na Burma 1944. Vita vilikwisha Agosti 1945, lakini wengi walibaki Asia wakingoja meli, baadhi yao hadi mwaka 1946. Katika miezi hiyo ya kungoja, barua ndiyo iliyokuwa kamba ya pekee iliyowafunga na nyumbani.

Kamba hiyo ilipita katika mikono mingi. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya mwandikaji wala ya mpokeaji. Askari wengi walijifunza kusoma na kuandika jeshini, na kwa Kiswahili. Huko Kericho, Wajaluo, Wakisii na Waluhya walifanya kazi katika mashamba ya chai pamoja na Wakipsigis, na Kiswahili kikawa lugha ya kazini. Bahasha iliandikwa "kwa mkono wa" mtu fulani: mwalimu wa misheni, karani wa shamba au mwenye duka. Mzazi asiyejua kusoma alisomewa, na msomaji, pengine kijana wa shule tu, akayageuza maneno papo hapo kwa Kikipsigis mbele ya wote waliokaa kusikiliza. Jibu lilirudi kwa njia iyo hiyo. Tukiongeza mkaguzi wa barua wa jeshi, ni nani ambaye angethubutu kumwaga ya moyoni, hasa ya mke wake au ya ng'ombe wa mahari?

Hapa ndipo kanuni za salamu zilipofaa. Kanuni zenyewe zina asili ya pwani. "Baada ya salamu, nakuarifu ya kuwa" ni mrithi wa barua zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama zile alizozichapisha C. G. Büttner mwaka 1892. Zilipofika bara kwa njia ya shule na jeshi, zilikuwa zimevuliwa vyeo vingi vya Kiarabu, lakini mpango wao ulibaki: salamu, afya ya mwandikaji, hofu kwa aandikiwaye, habari, kisha orodha ya wa kusalimiwa.

Mswahili akiulizwa habari hujibu "njema" hata akiwa na msiba, kisha ndipo aueleze. Barua hufuata adabu hiyo. Ichukuliwe mfano wa sentensi hii: "Sisi sote hatujambo, ila mzee hayuko nasi tena." Neno "hatujambo" halisemi uongo, linamwandaa msomaji. Habari yenyewe imekaa baada ya "ila", na aliyezoea barua hizi huitafuta hapo kwanza. Vivyo hivyo orodha ya salamu husema kwa kunyamaza. Jina lililotajwa katika kila barua, kisha likakosekana, huulizwa mara moja na aliye mbali. Rafiki aliyetangulia kurudi nyumbani aliweza kutumwa salamu tupu, wala pasiandikwe lolote juu ya siku walizokaa pamoja msituni. Wawili hao walijua salamu hiyo imebeba nini.

Yako matatizo ambayo kanuni hazikuyatatua, na magumu kuliko yote ni majina ya ujamaa. Katika Kikipsigis, "mama" ni namna ya kumwita mjomba, ndugu wa kiume wa mama mzazi, mtu mwenye heshima kubwa katika ukoo. Askari aliyeandika "msalimu mama" aliweza kukusudia Kiswahili au lugha yake, na kijana aliyesoma kwa sauti alilazimika kuchagua. Kwa kawaida kikao kilimsahihisha, maana waliosikiliza waliijua nyumba ya mwandikaji. Mhariri wa leo hana kikao hicho. Akiona "mama" katika barua ya Kericho ya 1946, hapana budi asome kwanza orodha nzima ya salamu, aone kama mama mzazi ametajwa mahali pengine, kabla hajaandika tanbihi yake.