Mke Mwenza Wangu Anaitwa Pijo

Dada zangu, mimi nina mke mwenza. Ana rangi ya maziwa, kanizidi umri, na kila Jumamosi mume wangu anaamka alfajiri kumwogesha kabla hata ya kuuliza kama watoto wamekunywa chai. Jina lake ni Pijo. Ndiyo, Peugeot 504, gari aliloliacha marehemu baba mkwe.

Sikatai, ni gari lenye heshima. Ukipita nalo Kirumba wazee wanasimama. Aina hii ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na kaka yake 404 ndiye aliyempa dereva wa Tanzania, Bert Shankland, ushindi wa mbio za Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967. Yeye 504 akaja kushinda 1975 na 1978. Haya yote nayajua kwa sababu nimesimuliwa mezani, tena mara nyingi kuliko nilivyosimuliwa habari za mahari yangu!

Balaa lilianzia kwenye muziki. Mzee aliacha redio kaseti yenye spika moja ndani ya dashibodi, na sauti yake ni kama mtu anayeongea akiwa ndani ya debe. Mume wangu akataka mdundo. Akampata fundi, fundi akamwandikia orodha: redio kubwa yenye kioo, sabufa mbili za inchi 12, amplifaya ya "wati 2000", halafu milango itobolewe na dashibodi ikatwe. Nilipojumlisha bei, nikaona ada ya mtoto wetu wa kwanza inaondoka na mabadiliko yakiwa yamebaki ya nauli tu.

Mama mkwe yeye hakugusia pesa. Alisema, "Mkilikata hilo gari, mmemkata baba yenu." Akaendelea kuchambua mchele.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Ungetamka, "Liuze hilo kopo!" na ndoa ingelala njaa wiki nzima. Mimi nilimwambia mume wangu: muziki ruksa, ila hatukati kitu na hatugusi ada. Ndani ya mipaka hiyo, baba watoto, jimwage.

Akajimwaga upesi kuliko nilivyotaka. Yule fundi alianza kwa kupitisha waya mnene kutoka kwenye betri bila fyuzi. Tulipofika Nyakato, na watoto wako siti ya nyuma, tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Waya ulikuwa umechubuliwa na bati pale unapoingia ndani. Bodi ya gari ndiyo hasi ya betri, kwa hiyo shaba ikigusa bati, umeme wote unamiminika hapo hapo. Mume wangu aliruka, akachomoa kichwa cha betri kwa mikono inayotetemeka. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeongea.

Tukaenda kwa mzee mmoja wa umeme wa magari, Mabatini. Huyu hakuanza na orodha, alianza na hesabu. Volti 12 mara ampea 25 ni wati 300. Wati 2000 za kweli zingetaka zaidi ya ampea 160, na altaneta za enzi zile zilitengenezwa kwa ajili ya taa, waipa na kuchaji betri. "Hizo ni wati za boksi, mama," akaniambia huku anacheka. Cha kuangalia ni namba iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaihimili muda wote. Ile kubwa ya nje ni ya sekunde tu, kama siyo ya uongo kabisa.

Basi tukafunga amplifaya ndogo chini ya siti, inayopokea muziki wa simu kwa Bluetooth. Spika mbili za yai, ndani ya maboksi yake, zikakaa kwenye kibao cha nyuma bila kutoboa chochote. Redio ya mzee ikabaki mahali pake. Fyuzi ikawekwa karibu kabisa na betri, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Waya wa umeme ulipita upande mmoja na nyaya za sauti upande mwingine, la sivyo spika zinalia kama mbu kila ukikanyaga mafuta.

Kuna jambo lilinifurahisha kwa sababu halikugharimu hata senti. Besi ilikuwa haisikiki. Mzee akageuza nyaya za spika moja, chanya na hasi, na besi ikaja yenyewe! Kumbe spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta.

(Wenye Volkswagen za mwanzo wa miaka ya 1960, ulizeni kwanza. Nyingi zilikuwa na umeme wa volti 6, na redio za leo ni za volti 12.)

Kaseti za mzee tulizihamishia kwenye simu. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, tukampakia mama mkwe mbele, tukaenda Sengerema bila kusubiri kivuko. Juu ya maji, mume wangu akamwekea Mbaraka Mwinshehe. Mama alinyamaza mpaka tukamaliza daraja, mkono wake uko juu ya dashibodi isiyokatwa.

"Punguza," alisema mwishowe. "Baba yenu hakuwa anapiga kwa fujo hivyo."

Mume wangu akapunguza. Juzi ameanza kutaja sabufa, "ndogo tu, mama watoto, ya inchi 8." Nimemwambia tutaongea Februari, ada ikishalipwa.