Baba ameitwa, na watoto je?

Mzazi mwenzangu, kabla hujatangaza kanisani kwamba Bwana amekuita, umeongea na mama watoto?

Mwaka 1886 Cecil Majaliwa aliacha Unguja akaja kuhubiri Chitangali, upande wetu huu wa Newala. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Misheni ya UMCA ilimsomesha, akafika hadi Uingereza. Unguja angeweza kukaa vizuri tu. Huku bara walikuwapo Wayao wenzake, lakini ndiko pia watoto walikokuwa wakikamatwa na kuuzwa, kama alivyouzwa yeye. Naye alikuwa na mke na watoto.

Mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Tukimsimulia tunapenda kuishia hapo. Lakini mwaka 1897 alirudi Unguja, na mimi sioni aibu katika hilo. Miaka kumi na moja si mchezo.

Leo mwinjilisti akihamishiwa kijiji cha huku juu, ambako maji ya ndoo hununuliwa, yeye ameitika wito. Mtoto wake wa darasa la sita hakuitika, amebebwa. Basi msimfunge mdomo kwa kumwambia “Mungu ndiye aliyetaka.” Kaeni naye jioni moja kabla ya kufunga mizigo. Mwambieni siku ya kuhama, shule atakayosoma, na nani atabaki na kuku wake. Akilia, mwacheni alie kwanza.