Tanga la Ngalawa: Kufungwa na Kuendeshwa Kwake

Ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja, aghalabu la mwembe, uliofungiwa mbawa mbili za miti ubavuni ili usipinduke. Huonekana katika pwani ya Kenya na Tanzania, Unguja, Pemba na Mafia, hata visiwa vya Komoro. James Hornell, aliyeandika mwaka wa 1934, alizihusisha mbawa hizo na mabaharia wa kale waliotoka Indonesia. Asili hiyo ni suala la makala mengine. Linalochunguzwa hapa ni tanga: namna mvuvi alifungavyo kwa mikono yake mwenyewe, na namna aliendeshavyo, kwani majina ya kamba zake hayafahamiki vyema ila kwa kazi zake.

Gogo lililochongwa mviringo halina mkuku wa kushika maji. Likitwekwa tanga bila ya kitu kingine, hulala mara moja. Kwa hiyo kazi ya tanga huanzia kwenye mirengu, yaani ile miti miwili inayokingama juu ya mtumbwi, na kwenye matengo, yaani zile mbao zilizofungwa katika ncha zake (majina haya hubadilika-badilika baina ya bandari na bandari, na pengine husikika ndubi). Mbao hizo hazilazwi bapa wala hazisimamishwi wima. Hutiwa mshazari, ili chombo kikishika mwendo zipande juu ya maji badala ya kuzama. Ubao mwembamba hauelei kwa nguvu nyingi. Mwendo ndio unaouinua. Mirengu hukazwa kwa kamba, kwa kuwa kamba hukubali kunyooka na kurudi pale ambapo msumari ungepasua mti.

Mlingoti ni mfupi, nao huinamishwa kidogo kuelekea omo. Mguu wake hupita katika tundu la ubao uliokingama, ukakaa juu ya kipande cha mti kilichotobolewa chini ya mtumbwi. Foromali ni ndefu kuupita mlingoti, na mara nyingi ni fito mbili zilizounganishwa kwa kamba, nene katikati na nyembamba nchani. Wembamba huo si upungufu. Upepo ukivuma kwa ghafula, ncha ya juu hupinda na kumwaga sehemu ya nguvu yake kabla haijafika kwenye matengo. Foromali iliyo ngumu kote humpokonya nahodha nafasi hiyo.

Zamani matanga ya mtepe yalisukwa kwa miyaa. Baadaye ikaja nguo ya marekani. Na siku hizi mvuvi asiye na uwezo hushona viroba vilivyochanuliwa. Kitambaa cho chote kiwacho, hushonewa kamba ukingoni, na huachwa kilegee kidogo katikati ili kiwe na tumbo. Tanga lililokazwa kama ngozi ya ngoma halivuti.

Kamba zenyewe ni tatu. Henza ndiyo ipandishayo foromali. Ncha yake ya pili hufungwa kwenye mrengu wa upande utokao upepo, na hivyo huuegemeza mlingoti usianguke. Goshi, au joshi, ni pembe ya mbele ya tanga pamoja na kamba inayoifunga karibu na omo. Demani ni kamba ya pembe ya nyuma, ambayo kwayo tanga huvutwa ndani au huachiwa. Kutokana na mbili hizi za mwisho mabaharia wamezipata pande za dunia yao: upande wa goshi ni ule utokao upepo, na upande wa demani ni ule uendako. Neno demani tena ni jina la majira, yaani mwishoni mwa kusi, pepo zinapopungua ukali. Mwandishi anayezitaja zote tatu kuwa “kamba” tu hajakosea sarufi, lakini amemnyima msomaji chombo kizima.

Tofauti hiyo ni ya uhai. Demani haifungwi. Huzungushwa mara moja kwenye mrengu ili kupunguza uzito, na ncha yake hubaki mkononi. Upepo ukizidi, tengo la upande wa demani huanza kuzama. Likishazama hukokota maji, na chombo hugeuka upande huo na kupinduka. Baina ya kuzama kwa tengo na kupinduka kwa ngalawa kuna muda mchache mno, na katika muda huo nahodha hasemi sentensi. Husema “Demani!”, na kijana asiyejua ni ipi atashika henza. Wakati huo huo mwenzake hutoka nje na kukaa juu ya mrengu wa goshini, ili uzito wake uurudishe mtumbwi.

Kugeuza ni kazi nyingine nzito. Katika kubisha, ngalawa haikabili upepo ili kuupita, kwani tanga lingebanwa juu ya mlingoti na kukataa kutuliwa. Huupa upepo mgongo. Foromali husimamishwa karibu na mlingoti, demani hupitishwa mbele yake, na tanga huangukia upande mpya. Kisha henza huhamishwa upesi kwenye mrengu wa pili. Hasara yake ni kwamba kila mgeuzo hurudisha chombo nyuma, na kwa kuwa hakuna mkuku, hurudi sana. Ndiyo sababu wavuvi wengi hutoka alfajiri kwa umande uvumao kutoka nchi kavu, na kungoja upepo wa bahari wa alasiri uwarudishe, kuliko kubisha.

Karibu na ufuko tanga hutuliwa na kuviringishwa juu ya foromali, na chombo huingizwa kwa kafi au pondo. Viroba huharibiwa na jua haraka kuliko marekani. Kwa hiyo foromali na tanga lake hubebwa begani hadi kivulini, na mtumbwi hubaki mchangani na mlingoti wake mtupu.