Usikate Simu!

Wengi wetu tukipiga 999 tunadhani yule anayepokea ndiye atakayeruka garini aje. Sivyo. Mjomba wangu, polisi mstaafu, alinieleza kwamba kazi hiyo ni ya wawili: mmoja yuko kwenye simu na redio, mwenzake yuko njiani. Huyu wa njiani haoni kitu mpaka afike. Macho yake ni mwenye redio, na macho ya mwenye redio ni wewe uliyepiga.

Ndiyo maana huulizwa kwanza, "Uko wapi?" Ukishataja mahali, hata simu ikikatika gari litatumwa (gari likiwepo, mtaniambia!). Lakini ukianza kusimulia vile ugomvi ulianza juzi, halafu ikatike, basi tena. Hapa Bomeni nyumba hazina namba, na "karibu na duka" si mahali. Taja shule, msikiti au kanisa.

Tena sisi wa Taveta tuna letu la mpakani. Holili ni pale tu, na simu zetu mara nyingine hushika mtandao wa Tanzania bila kutuuliza. Namba 112 ni ya dharura huku na kule pia. Kwa hivyo anza hivi: "Niko Taveta, Kenya."

Gari likiwa njiani ndipo kazi inapopamba moto. Askari anauliza redioni: Ni wangapi? Wana panga? Wamekimbilia wapi? Mwenye redio anakuuliza wewe, anamrudishia jibu, na kuandika saa. Ukisema wamekata kuelekea mpakani, gari linaweza kugeuzwa papo hapo. Ukikata simu, yule askari anakuja kama kipofu.

Namba 999 ilianza London mwaka 1937. Hapa Kenya ilizimwa mwaka 1998, ikarudi 2013. Miaka 15! Kwa hivyo wanaoipiga kwa mzaha wananiudhi sana, maana mwenye shida ya kweli anakuta laini imeshikwa.

Je, wezi wakiwa karibu nawe huwezi kusema? Mjomba anasema usikate, iache simu wazi. Hata kishindo cha mlango unaovunjwa kinamsaidia mwenye redio kumwonya mwenzake asiingie peke yake.