Mpaka wa Wilaya, Mpaka wa Fursa: Utawala, Ufadhili na Matokeo ya Shule za Umma Viungani mwa San Antonio, Marekani

Utangulizi

Aghalabu elimu ya Marekani inapotajwa katika mijadala yetu, hudhaniwa kwamba kuna wizara moja jijini Washington inayowaajiri walimu, kutunga mtaala na kugawa fedha kwa shule zote. Dhana hiyo ni potofu. Katiba ya Marekani haiitaji elimu popote. Jukumu hilo limeachiwa majimbo 50, na karibu majimbo yote yamekasimu uendeshaji wa kila siku kwa vyombo vidogo vinavyojulikana kama wilaya za shule. Wilaya hizo ni takriban 13,000 kote nchini, na jimbo la Texas peke yake lina zaidi ya 1,000.

Neno wilaya lisimpotoshe msomaji. Hapa halimaanishi eneo la utawala lililokuwa chini ya mkuu wa wilaya nchini Kenya kabla ya ugatuzi. Wilaya ya shule ni mamlaka ya pekee, yenye mipaka yake, wapigakura wake, bajeti yake na uwezo wa kutoza kodi, na kazi yake ni moja tu: kuendesha shule.

Makala haya yanaeleza jinsi wilaya ya aina hiyo inavyotawaliwa, inavyopata fedha na jinsi matokeo yake yanavyopimwa. Mfano uliochaguliwa ni Alamo Heights, wilaya ya kiunga cha watu wenye uwezo katika kaunti ya Bexar, Texas. Hata hivyo, Alamo Heights haiwezi kueleweka bila jirani yake Edgewood, iliyoko magharibi mwa jiji la San Antonio. Hoja inayotetewa ni kwamba uhuru wa wenyeji kujitawalia shule zao, hata uwe na sifa nyingi kiasi gani, huwa na thamani sawa na ardhi inayozungukwa na mpaka wa wilaya.

Muundo wa Utawala

Wilaya nyingi za aina hii huongozwa na halmashauri ya wadhamini saba wanaochaguliwa na wakazi. Kwa mujibu wa sheria za Texas, wadhamini hawalipwi mshahara. Wao huidhinisha bajeti, hupanga kiwango cha kodi na humwajiri msimamizi mkuu, ambaye ndiye mtendaji anayewaongoza walimu wakuu na wafanyakazi wengine. Vikao vyao, isipokuwa katika masuala machache yanayoruhusiwa na sheria, hufanyika hadharani. Mzazi asiyeridhika na jambo anaweza kufika kikaoni na kulisema, na uchaguzi ukifika anaweza kumwondoa mdhamini aliyempuuza.

Wilaya nyingi za Texas huitwa "huru" kwa sababu haziko chini ya meya wala baraza la jiji. Ndiposa mipaka ya shule na mipaka ya miji haioani. Alamo Heights ni mji mdogo wenye serikali yake, uliozungukwa na San Antonio. Wilaya yake ya shule huhudumia pia Olmos Park, Terrell Hills na sehemu ya San Antonio yenyewe. Kwa upande mwingine, jiji la San Antonio halina wilaya moja, bali limegawanyika miongoni mwa wilaya zaidi ya kumi. Watoto wawili wanaweza kuwa wakazi wa jiji lile lile, wazazi wao wakanunua bidhaa katika duka lile lile, lakini barabara moja ikaamua kuwa huyu ni wa wilaya tajiri na yule ni wa wilaya maskini.

Uhuru huu una ukomo. Jimbo ndilo linalotunga mitihani na masharti ya kuhitimu, na lina uwezo wa kuingilia kati halmashauri inaposhindwa kufanya kazi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Edgewood mwaka 2016, pale mamlaka ya elimu ya Texas ilipoiweka kando halmashauri iliyochaguliwa na wakazi na kuteua wasimamizi wa muda.

Chanzo cha Fedha

Fedha za wilaya hutoka katika mifereji mitatu. Wa kwanza ni kodi ya ardhi na majengo inayotozwa na wilaya yenyewe. Wa pili ni hazina ya jimbo. Wa tatu ni serikali ya shirikisho, ambayo kwa kawaida huchangia takriban sehemu moja ya kumi tu, hasa kwa ajili ya watoto wa familia maskini na wenye ulemavu. Kwa kuwa Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, kodi ya ardhi na majengo ina uzito mkubwa mno.

Maji hufuata mkondo, na fedha za shule hufuata ardhi. Takwimu za mwaka wa masomo wa 1967–68, ambazo baadaye ziliwekwa mbele ya mahakama, zinalidhihirisha jambo hili. Edgewood ilikuwa na wanafunzi wapatao 22,000 katika shule 25. Eneo lake lilikuwa la makazi, likiwa na biashara na viwanda vichache mno, na thamani ya mali iliyoweza kutozwa kodi ilikuwa dola 5,960 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights ilikuwa na wanafunzi wapatao 5,000 katika shule sita, na thamani ya mali yake ilizidi dola 49,000 kwa kila mwanafunzi, yaani zaidi ya mara nane.

Wakazi wa Edgewood walijitoza senti 105 kwa kila dola 100 za thamani ya mali. Wale wa Alamo Heights walijitoza senti 85. Baada ya kila wilaya kutoa mchango wake katika mpango wa jimbo, Edgewood ilibakiwa na dola 26 kwa kila mwanafunzi, ilhali Alamo Heights ilibakiwa na dola 333. Msomaji angetarajia kuwa jimbo lingeliziba pengo hilo. Halikuliziba. Jimbo liliipa Edgewood dola 222 na Alamo Heights dola 225, kwa kuwa kanuni ya ugawaji ilizingatia sana mishahara ya walimu, na wilaya tajiri ndizo zilizoweza kuwavutia walimu wenye sifa za juu. Ruzuku ya shirikisho ilipojumlishwa, dola 108 kwa Edgewood na 36 kwa Alamo Heights, jumla ilikuwa dola 356 kwa mtoto wa Edgewood na dola 594 kwa mwenzake. Waliojibana zaidi ndio waliopata kidogo zaidi.

Mpaka huo haukuchorwa na maumbile. Takriban asilimia 90 ya wanafunzi wa Edgewood walikuwa wenye asili ya Meksiko, nao Alamo Heights wengi walikuwa Wazungu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, hati nyingi za ardhi katika mitaa ya Wazungu jijini San Antonio ziliwakataza watu wa asili ya Meksiko na watu weusi kununua au kukaa humo. Mahakama ya Upeo ya Marekani iliziondolea hati hizo nguvu za kisheria mwaka 1948, lakini ramani ya makazi ilikuwa imekwisha kuganda.

Wazazi Mahakamani

Mnamo Mei 1968, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Edgewood waligoma na kuandamana wakilalamikia majengo mabovu na uhaba wa walimu waliohitimu. Miezi michache baadaye, kundi la wazazi lilikwenda mahakamani. Jina lililotangulia katika orodha ya walalamishi lilikuwa la Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya jeshi la anga ya Kelly, ambaye watoto wake walisoma Edgewood.

Mwaka 1971 mahakama ya shirikisho mjini San Antonio iliwapa wazazi ushindi. Texas ilikata rufaa, na tarehe 21 Machi 1973 Mahakama ya Upeo ikaubatilisha ushindi huo kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Lewis Powell, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alishikilia kuwa elimu si haki ya kimsingi inayolindwa na katiba ya taifa, na kwamba kuwaachia wenyeji usimamizi wa shule zao ni lengo halali la jimbo.

Jaji Thurgood Marshall alipinga vikali. Alihoji kwamba hakuna uhuru wa wenyeji pale ambapo wilaya maskini haiwezi kuongeza fedha hata ikijitoza kodi kubwa kuliko jirani yake. Marshall si mgeni katika historia ya Kenya. Kabla ya kuwa jaji, alialikwa na Tom Mboya kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1960, na ndiye aliyeandaa rasimu ya haki za kimsingi kwa ajili ya Kenya iliyokuwa ikielekea uhuru.

Kutoka Washington hadi Austin

Mlango wa Washington ulipofungwa, wazazi na wilaya maskini waligeukia katiba ya Texas ya mwaka 1876, ambayo inalitaka bunge la jimbo kuanzisha mfumo wa shule za umma usio na malipo na wenye ufanisi. Kesi mpya ilifunguliwa mwaka 1984. Kufikia wakati huo pengo lilikuwa limepanuka: thamani ya mali kwa kila mwanafunzi ilikuwa dola 38,854 Edgewood na dola 570,109 Alamo Heights. Mara nane zilikuwa zimekaribia kuwa mara 15. Mwaka 1989 Mahakama ya Upeo ya Texas iliamua, majaji wote tisa wakikubaliana, kwamba mfumo huo ulikiuka katiba ya jimbo.

Baada ya mivutano mirefu, bunge lilipitisha mwaka 1993 sheria inayozilazimu wilaya zenye utajiri unaopita kiwango fulani kuchangia sehemu ya mapato yao kwa ajili ya wilaya nyingine. Alamo Heights ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotakiwa kuchangia. Watu waliupa mpango huo jina la Robin Hood, yule mhusika wa ngano za Uingereza aliyewapora matajiri ili awape maskini. Mahakama iliuidhinisha mwaka 1995.

Mpango huo ulipunguza pengo, lakini ulizaa malalamiko mapya. Thamani ya ardhi hupanda hata pale ambapo mapato ya wakazi hayapandi. Wilaya ya Austin, yenye wanafunzi wengi wa familia maskini, imekuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote kwa sababu ardhi ya jiji hilo imekuwa ghali.

Suala la Matokeo

Je, fedha hizi huleta matokeo? Texas hupima wilaya zake kwa mitihani ya jimbo, na tangu mwaka 2018 imekuwa ikizipa alama za A hadi F. Alama hizo huzingatia mambo matatu: ufaulu wa wanafunzi, maendeleo yao kutoka mwaka hadi mwaka, na kupungua kwa tofauti baina ya makundi. Kigezo cha pili ni muhimu, kwani ufaulu peke yake mara nyingi hueleza zaidi mapato ya nyumbani kuliko kazi ya mwalimu. Mtoto aliyeingia shuleni akijua kusoma atafaulu hata pale mwalimu alipomwongezea kidogo tu.

Mjadala huu una historia. Ripoti ya James Coleman ya mwaka 1966, iliyowahusisha wanafunzi zaidi ya 600,000, ilidai kuwa hali ya nyumbani huathiri ufaulu kuliko matumizi ya shule. Mgogoro wa wataalamu uliofuata ndio ulioipa Mahakama ya Upeo sababu ya kusita mwaka 1973. Utafiti wa karibuni zaidi umeipunguza nguvu shaka hiyo. Mwaka 2016, Kirabo Jackson, Rucker Johnson na Claudia Persico walionyesha kwamba ongezeko la asilimia 10 la matumizi kwa kila mwanafunzi, likidumishwa kwa miaka yote 12 ya shule, huwaongezea watoto wa familia maskini karibu nusu mwaka wa masomo na kuinua mapato yao ya utu uzima kwa takriban asilimia 10. Fedha si kila kitu, lakini si hoja ya kupuuzwa, hasa na yule aliye nazo.

Hitimisho

Mfano wa Alamo Heights na Edgewood unabainisha kuwa utawala, ufadhili na matokeo ni nyuzi za kamba moja. Halmashauri iliyochaguliwa kwa njia ya kidemokrasia inaweza kuwa na nia njema, ila haiwezi kutoza kodi mali isiyokuwapo. Vivyo hivyo, alama ya A au F haiwezi kusomwa kana kwamba wilaya zote zilianzia mstari mmoja.

Kwa Mkenya, suala hili haliko mbali. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, jambo ambalo Rodriguez na wenzake hawakulipata katika katiba ya taifa lao. Walimu wa shule zetu za umma huajiriwa na tume moja ya kitaifa, nazo fedha za elimu bila malipo hugawanywa kwa kuzingatia idadi ya wanafunzi. Hata hivyo, michango ya wazazi ingali inazitenga shule za wenye uwezo na za wasio nacho. Tofauti hiyo haina mpaka uliochorwa katika ramani, na kwa hivyo ni rahisi kutoiona. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Demetrio Rodriguez, aliyefariki mwaka 2013, alikwenda mahakamani akiwatetea watoto wake, nao walikua na kumaliza shule kabla ya ufa huo kuanza kuzibwa.